Mfuko wa Spana ni wa Nani?

Asembo Bay, katika kaunti ya Siaya, ni mji mdogo wa ufuoni, kwenye ghuba ya Winam, magharibi ya Kisumu. Barabara kuu za huko zina lami, lakini njia ziteremkazo ziwani kwa wavuvi ni za udongo na kokoto, na miba haikosekani. Mwenye samaki wa kuwahisha soko la Ndori, mwenye kuiwahi feri ya Luanda Kotieno ivukayo kwenda Mbita, na mwenye mke aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane wa kukimbizwa hospitali ya Madiany au ya Bondo, wote tegemeo lao aghalabu ni moja, nalo ni boda boda.

Nilikuwa huko majuma machache yaliyopita, na jioni moja mnyororo wa pikipiki niliyoipanda ukakatika kwenye kiungo chake, mahali pasipo duka wala fundi. Kijana aliyenichukua hakuwa na kiungo cha akiba wala koleo la kukifungia. Tukaisukuma hadi giza likatukuta. Nilipomwuliza habari ya vifaa, alinijibu kwa adabu: "Sheikh, spana ni za mwenye pikipiki." Siku ya pili nikakutana na mwenyewe, mtu mzima mwenye duka, nikamwuliza yaleyale. Akasema: "Spana ni za dereva, sheikh. Mimi siiendeshi."

Ndugu msomaji, maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, maana mkataba wa namna hii umeenea Likoni, Mtwapa na Malindi kama ulivyoenea huko ziwani. Mmoja hununua chombo, mwingine hukiendesha na kumletea shilingi mia kadhaa kila siku. Katikati yao pana abiria, ambaye hakuulizwa.

Pikipiki yenyewe haina lawama kubwa. Bajaj Boxer na TVS zilizojaa katika vituo vyetu ni mashine za silinda moja, zipozwazo kwa upepo, na vipuri vyake hupatikana hata katika masoko madogo. Ziliundwa ili mtu wa kawaida aweze kuzifungua. Mara nyingi hazifi ghafula, bali hutoa habari kwanza. Mnyororo uliolegea hupiga kelele na kuruka meno. Waya wa klachi hukatika uzi mmoja mmoja pale kwenye mkono, na kidole huuhisi. Plagi iliyochafuka huifanya injini ikohoe asubuhi. Petroli iliyouzwa katika chupa kando ya njia huweza kuwa na maji au taka, na taka hizo hutuama chini ya kabureta, ambako pana skrubu ndogo ya kuzimwagia nje, ambayo madereva wengi hawajapata kuigusa.

Basi mfuko wenyewe ni mdogo. Pampu ya mkono, vyuma viwili vya kubandulia tairi, viraka na gundi, na tyubu moja nzima, kwani kuziba pancha gizani ni kazi na kubadilisha tyubu ni nusu ya kazi hiyo. Spana ya nati ya ekseli ya nyuma, maana bila hiyo tyubu na pampu ni mzigo mtupu. Spana ya plagi pamoja na plagi mpya. Bisibisi, koleo, na kiungo cha mnyororo (na kifungio chake kitiwe upande uliozibika ukielekea unakokwenda mnyororo, sivyo kitachomoka). Tochi, kwa sababu simu ya dereva ikiisha moto hataweza hata kuita msaada. Waya wa klachi wa akiba mafundi hodari hauwaweki mfukoni. Huulaza sambamba na ule wa zamani, tayari kuunganishwa. Vingine katika hivi huja na pikipiki inapotoka dukani, chini ya kiti, na baada ya miezi michache havipo. Vimeazimwa, vimeuzwa, vimepotea. Hakuna aliyeviulizia, kwa kuwa havina mwenyewe.

Je, ni vya nani? Suala hili si geni kama tudhanivyo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, analigusa katika Minhaj pale anapozungumzia ukodishaji wa mnyama wa kupanda. Mwenye mnyama analazimika kutoa shogi, mshipi wa kufungia na hatamu, vitu ambavyo bila hivyo mnyama hapandiki. Mwenye kukodi huleta vya starehe yake, kama machela, matandiko na kivuli. (Mwavuli wa boda boda, kwa hesabu hiyo, ni wa dereva!) Ama tandiko la farasi, kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kufuata ada ya watu wa mahali.

Mimi naona spana ya ekseli na pampu ziko karibu na hatamu kuliko kivuli. Anayepinga atasema ni jambo la ada, na nitamsikiliza, ila anionyeshe hiyo ada. Hapa petu na huko ziwani ada ni kunyamaza, na kimya hicho humwangukia dereva aliye mbali na fundi, ilhali fedha za siku zinangojewa nzima.

Kwa hiyo, wewe uliyemnunulia pikipiki mpwa wako, au uliyemkodisha kijana wa jirani, keti naye kabla ya wiki kwisha. Fungueni kiti pamoja na mtazame kilichobaki. Vifaa vya chuma na pampu nunua wewe, uviandike kwa idadi katika karatasi ya mkataba, naye atie sahihi kwamba amevipokea kama amana. Viraka, gundi na plagi, ambavyo huliwa na kazi, na viwe juu yake, naye akikupa habari kwamba mnyororo umelegea, usimkate siku aliyoupeleka kwa fundi. Nakala moja ya karatasi ikae kwako, na nyingine chini ya kiti, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na spana.