Samadi ni hazina shambani, balaa ziwani

KILA magugumaji yanapoziba fuo za Kisumu na Homa Bay, kilio huwa kile kile: mashua zimekwama, wavuvi wamelala njaa, serikali ilete mitambo ya kuyang’oa.

Tangu mmea huo uingie upande wa Kenya wa Ziwa Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1990, tumejaribu mashine, mikono na hata fukusi walioachiliwa mnamo 1997. Fukusi hao waliupunguza pakubwa, lakini baada ya mvua kubwa ya mwishoni mwa 2006 magugu yalirejea.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Magugu hayo hulishwa na naitrojeni na fosforasi zinazoletwa na mito kama vile Nyando na Nzoia. Majitaka ya miji na mbolea za viwandani yana lawama zake. Hata hivyo, kuna chanzo kisichojadiliwa sana: kinyesi na mkojo wa mifugo.

Mfugaji anayerundika samadi nje ya zizi, pasipo paa wala sakafu, hudhani mvua inamfanyia usafi. Kumbe inabeba rutuba yake hadi mtoni. Ziwani, magugu na mwani hunawiri. Yanapokufa na kuoza, oksijeni hupungua majini na samaki hufa. Baadhi ya mwani hutoa sumu.

Kinaya ni kwamba mfugaji huyo huyo hupanga foleni ya mbolea. Mnamo 2023, serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi Sh2,500. Je, twagharimia rutuba kwa kodi huku nyingine ikisombwa bure?

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilikataza kilimo kwenye kingo za mito, kuanzia mita sita hadi 30. Lakini askari hawezi kuwekwa katika kila boma. Isitoshe, kilimo ni jukumu la kaunti tangu 2013, na Mto Nyando hutoka milima ya Nandi na Kericho ukamwage maji Kisumu. Anayechafua yuko kaunti moja, anayeumia yuko nyingine.

Kwa hivyo, kaunti za bonde hilo sharti zishirikiane kugharimia maafisa wa nyanjani, mashimo ya samadi yaliyoezekwa na mitambo ya biogesi. Bila hivyo, tutazidi kuvuna magugu tuliyoyapanda wenyewe.