Tusiishie Kubeba Boksi la Barafu

Siku ile tangazo lilipoingia kwenye grupu la darasa, hakuna aliyegusa desa. Shahada ya uzamivu ya jenomiki na afya ya dunia, miaka minne, ada imelipwa, posho kila mwezi, tiketi ya ndege, na sehemu ya masomo kwenye maabara ya Ulaya. Kwa sisi tunaohesabu siku za bumu, lilisomeka kama barua ya posa. Mshikaji wangu mmoja alilifowadi kwa mama yake kabla hata ya kusoma vigezo.

Mimi nilivisoma. Nikaomba, na niseme mapema, sikuitwa. Anayetaka kuniita yule sungura wa ndizi mbichi, ruksa, ila anisikilize kwanza.

Fomu ilikwenda vizuri mpaka kipengele cha uzoefu. Waliuliza: umewahi kuchambua data za jenomu? Kwa programu zipi? Hapo nikakwama. Uzoefu ninao, ila wa aina nyingine. Mwaka wa tatu nilifanya fildi kwenye kliniki ya selimundu ya hospitali moja, nikapangiwa mradi wa utafiti wa vinasaba. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea wazazi fomu ya ridhaa, kumshika mtoto mkono wakati muuguzi anatoa damu, kubandika namba kwenye mrija wa kifuniko cha zambarau, kupanga mirija kwenye boksi la barafu, kusaini na kumkabidhi dereva. Wiki nane. Boksi likiondoka, na mimi habari yangu imeishia hapo.

Asubuhi moja mama mmoja aliyekuja na mwanawe wa miaka sita hivi akaniuliza, "Dokta, na hii ya leo majibu yake lini?" (Ukivaa koti jeupe wewe ni dokta, hata kama una sapu mbili.) Nikamjibu, "Hii ni ya utafiti, mama." Akanitazama. "Kwani utafiti hauna majibu?" Nikamwambia yatakuja. Sikujua yatatoka wapi wala nani atayaleta, na aliyenisimamia pale naye hakujua. Mpaka namaliza fildi hakuna kilichorudi.

Sisemi damu ile iliibiwa. Fomu zilikuwa halali na mama alisaini. Ninachosema ni kwamba kazi ya jenomiki imegawanywa vibaya. Kuchoma sindano kunafanyika huku, kufikiri kunafanyika kwingine, na sisi tunasomeshwa kwa ajili ya nusu ya kwanza.

Hili halikuanza jana. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria. Ni moja ya ugunduzi mkubwa wa karne ile, na uliegemea damu ya watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Wanaume 30 wa Kijaluo walijitolea kuambukizwa malaria makusudi, 15 wenye kinasaba hicho na 15 wasio nacho. Kwa wenye nacho, vimelea vilionekana kwa 2. Kwa wasio nacho, 14. Allison, aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, jina lake tunalidesa kila semesta. Hao 30 tunafundishwa idadi yao.

Sasa ruka hadi juzi. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani ya kuhariri jeni, na selimundu ni mojawapo ya magonjwa inayotibu. Marekani ikafuata Desemba. Bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwetu Tanzania inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa na selimundu kila mwaka. Zidisha mwenyewe, kikokotoo changu kiliishiwa nafasi.

Kwa hiyo maswali ya yule mama si yale yanayoulizwa maabara ya Ulaya. Yeye anataka kujua kwa nini mwanawe analazwa mara kwa mara, na mtoto wa jirani mwenye ugonjwa huo huo anacheza rede kutwa. Kisayansi ni swali zuri mno. Sehemu ya jibu ipo kwenye vinasaba vingine, vile vinavyofanya himoglobini ya utotoni iendelee kutengenezwa hata mtoto akikua, na hicho ndicho Casgevy inachokichokonoa. Mtu wa kulisukuma swali hilo mpaka lipatikane jibu la bei ya Mwananyamala ni mtu aliyewahi kuulizwa na mama kama yule.

Mtu huyo anatengenezwa wapi? Si kwenye uzamivu. Ukifika kule unakuta mlango umeshafungwa na kile kipengele cha uzoefu. Shahada yetu ya kwanza ilinifundisha kushika pipeti, haikunifundisha amri hata moja ya Linux. Maabara ya kompyuta ya kitivo ipo, inafungwa saa kumi jioni, saa ambayo vipindi vya vitendo ndiyo kwanza vinaisha. Nilipomwambia lekchara mmoja, alisema bayoinfomatiki inahitaji vifaa vikubwa ambavyo hatuna. Kwa heshima zote, hapo nampinga. Kuanzia 2016, mtandao wa H3ABioNet ulioratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town uliendesha kozi ya msingi kwa madarasa yaliyotawanyika nchi kadhaa za Afrika. Mihadhara ilirekodiwa, ikashushwa mapema, wanafunzi wakaitazama pamoja darasani wakiwa na mtu wa kuwasaidia. Intaneti mbovu haikuwa kisingizio tena.

Kuna wanaonijibu kwamba mchagua jembe si mkulima: ukipata ufadhili saini, mengine utayaona mbele. Nawaelewa. Posho ya uzamivu nyumbani inaitwa mshahara, na kuna wadogo zetu wanaoisubiri kulipiwa michango ya shule. Mimi mwenyewe ningesaini usiku ule ule. Lakini kuuliza si kukataa. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, muulize msimamizi data zitakaa wapi na kama utaweza kuzifungua ukiwa hapa, siyo ukiwa kule tu. Muulize nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala itakayotokana na sampuli ulizokusanya mwenyewe. Na muulize mwaka wa tano. Hilo ndilo linalowatia watu kigugumizi, maana pesa hizi zina tarehe ya mwisho. Mradi mkubwa wa H3Africa, uliosomesha Waafrika wengi jenomiki, ulifika tamati 2022. Mei 2025 taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, NIH, ilitangaza kusitisha ruzuku zinazopitia taasisi za kwao kwenda za nje mpaka iweke utaratibu mpya. Ukiwa katikati ya uzamivu, tangazo kama hilo unalisoma umesimama.

Serikali ya wanafunzi nayo isikae pembeni. Imepigania bumu lisichelewe, nashukuru. Sasa ipiganie maabara ya kompyuta iwe wazi mpaka saa nne usiku, na kozi moja ya kuchambua data iwe ya lazima kabla ya mwaka wa tatu. Halihitaji mfadhili. Linahitaji mlinzi mmoja, ufunguo, na lekchara aliye tayari.

Mwakani dirisha la maombi likifunguliwa tena, nitaomba. Kwa sasa tupo watano, tunajifunza kwa laptop mbili. Juzi programu iligoma saa tano usiku, umeme ulikatika na betri ya mshikaji ni ya kurithi. Tunakaa vimbweta vya nyuma ya maktaba, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ukija, njoo na ekstensheni.