Mshika Mawili ya Fizikia: Je, Lazima Moja Limponyoke?

Waswahili husema mshika mawili, moja humponyoka. Kila mwanzo wa mhula methali hii hurudiwa kwa mwanafunzi wa fizikia anayetaka kusajili masomo mawili yanayohusiana kwa wakati mmoja. Hata hivyo, methali haielezi ni mawili yapi. Msimamo wangu ni kwamba swali la msingi halihusu idadi ya masomo. Linahusu uhusiano uliopo baina yao.

Masomo yanaweza kuhusiana kwa namna mbili. Yapo yaliyo ndugu, na yapo yaliyo mama na mwana.

Mekanika na sumakuumeme ni ndugu. Yote mawili hudai vekta na kalkulasi. Nguvu ya mvutano ya Newton na nguvu baina ya chaji za umeme aliyoipima Coulomb hupungua kwa kanuni moja: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Aliyekokotoa mvutano wa tufe siku ya Jumatatu hatatishwa na tufe lenye chaji siku ya Jumatano. Mradi hisabati yake imetangulia, kuyasoma pamoja ni faida, kwa kuwa kila moja hulifanyia jingine mazoezi.

Mekanika ya juu na fizikia ya kwanta ni mama na mwana. Mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926 umesimama juu ya mfumo wa mekanika uliobuniwa na Hamilton katika miaka ya 1830. Mwanafunzi anayeyachukua yote mawili katika mhula mmoja anaweza kudaiwa dhana ya Hamilton wiki ya tatu katika darasa moja, ilhali darasa la pili litaifundisha wiki ya kumi. Deni limetangulia, malipo yamechelewa. Kinachofuata ni kukariri herufi bila kujua zinasimamia nini.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi ni huu: chukua mihtasari ya masomo yote mawili, iweke sambamba, uifuate wiki kwa wiki. Weka alama kila mahali ambapo somo moja linaazima kitu kabla ya jingine kukifundisha. Alama zikiwa mbili au tatu, zizibe wakati wa likizo na usajili yote. Zikijaa nusu ya kwanza ya mhula, subiri.

Lakini hapa ndipo suala linapoacha kuwa la mtu binafsi. Kusubiri kuna gharama. Pale ambapo somo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, kuliahirisha kunaweza kumaanisha mwaka mzima wa ziada. Mtoto wa mwenye nacho ataumudu. Anayesoma kwa mkopo, na ambaye nyumbani wanahesabu miezi hadi ahitimu, atabeba yote mawili hata akijua hayabebeki. Tukimwambia achague kwa busara, tunamkabidhi uamuzi ambao umaskini ulikwisha kumfanyia.

Kwa hiyo idara zetu zina wajibu wa mambo matatu. Kwanza, zieleze sababu ya somo moja kutangulia jingine, badala ya kuchapisha namba za masomo pekee. Pili, wahadhiri wa masomo yanayotegemeana wakae pamoja kabla ya mhula na kukubaliana nani atafundisha nini, na lini. Tatu, masomo mama yafundishwe mihula yote miwili inapowezekana, ili kuteleza mara moja kusimgharimu mtu mwaka.

Tukumbuke pia kwamba baadhi ya wanafunzi hawa ndio walimu wa fizikia wa kesho katika shule zetu za sekondari. Aliyepita kwa kukariri atakwenda kukaririsha. Gharama ya mhula mmoja uliopangwa vibaya haiishii kwenye cheti cha mtu mmoja. Hulipwa na madarasa ambayo bado hayajaanza.