Shahidi Aliye Nyumbani



Mwezi huu nasema hasa na ninyi mnaoishi Marekani, ambao waume zenu walivaa sare za jeshi la nchi ile. Lakini hata wewe uliye Mwanza au Nakuru usifunue ukurasa haraka. Huenda binti yako au mdogo wako aliyeolewa kule ataihitaji habari hii kesho.

Askari aliyeumia au kuugua kwa sababu ya utumishi wake ana haki ya kudai fidia ya ulemavu katika Wizara ya Maveterani ya Marekani. Ulemavu hupimwa kwa asilimia, kuanzia 0 hadi 100, na fedha za kila mwezi hufuata kipimo hicho. Basi baada ya kungoja sana barua inafika: dai limekataliwa, au kipimo kimewekwa chini. Baba anaikunja, anaitia kabatini na kunyamaza. Hazungumzi juu yake tena. Kuanzia siku hiyo mama anabeba peke yake mzigo ambao sheria ilikusudia taifa lisaidie kuubeba.

Dada mpendwa, jibu la kwanza si hukumu ya mwisho. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Mungu mwenyewe akawapa haki (Hesabu 27:1-7). Paulo naye hakuona kuwa ni upungufu wa imani kukata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11).

Itoe barua kabatini, uisome pamoja na mumeo. Kwa kawaida wanaoamua hutafuta mambo matatu: kwamba ana ulemavu sasa, kwamba jambo fulani lilimpata jeshini, na kwamba kuna kiungo kati ya hayo mawili, ambacho mara nyingi huhitaji maoni ya daktari. Barua inapaswa kueleza sababu za uamuzi. Tafuteni ni lipi kati ya hayo matatu lililokosekana, maana hilo ndilo litakaloonyesha njia ya kufuata.

Njia zenyewe ni tatu, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1917 wa vita? La, ni sheria ya juzi tu, ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika tarehe 19 Februari 2019. Ya kwanza ni kuleta dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaohusu jambo lililokosekana. Ya pili ni kuomba ofisa wa ngazi ya juu alipitie faili upya. Hapa hupokelewi ushahidi mpya, lakini mnaweza kuomba kuzungumza naye kwa simu na kumwonyesha kosa lilipo. Ya tatu ni kwenda kwenye Bodi ya Rufani za Maveterani, ambako jaji hulitazama jambo lote upya bila kufungwa na uamuzi wa kwanza. Mnaweza kumwomba aamue kwa faili lililopo, au mlete ushahidi zaidi, au mumeo asikilizwe ana kwa ana au kwa video. Jaji anaweza kukubali, kukataa, au kulirudisha faili chini ili kazi iliyofanywa vibaya ifanywe vizuri. Bodi ikikataa, bado kuna mahakama maalumu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1988, na muda wa kuifikia ni siku 120.

Shikeni sana hesabu ya siku. Kwa ofisa wa juu na kwa Bodi, muda ni mwaka 1 tangu tarehe ya barua. Dai la nyongeza laweza kuletwa hata baadaye, lakini mkichelewa kupita mwaka mnaweza kupoteza malipo ya nyuma ya muda mrefu.

Sasa nifike kwako wewe, mama. Sheria hii ina neno la huruma: ushahidi wa kukubali na wa kukataa ukikaribia kulingana kwenye mizani, shaka humfaidi askari. Hahitaji kuthibitisha jambo lake pasipo shaka yoyote. Ndiyo maana hata ushahidi mdogo unaweza kuuinamisha mzani, na wewe unao. Nani anajua kwamba baba huamka usiku akipiga kelele? Nani humvalisha viatu mgongo unapokaza? Nani aliona alivyoondoka na alivyorudi?

Maneno yako ni ushahidi. Kuna fomu namba 21-10210 ya maelezo ya mashahidi wa namna hii. Wanaoamua hawaruhusiwi kuyatupa kwa sababu tu hayamo katika faili la hospitali, ingawa wanaweza kuyapima kwa uzito. Andika uliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio: lini yalianza, hutokea mara ngapi kwa juma, yanamzuia kufanya nini. Usiandike jina la ugonjwa wala chanzo chake kama wewe si tabibu. Na usitie chumvi hata kidogo. Mkristo hashuhudii uongo, hata kwa ajili ya mumewe. Tena neno moja lililozidishwa laweza kuwafanya wayatilie shaka na yale ya kweli.

Msitembee peke yenu. Vyama vya maveterani, kama vile American Legion na Disabled American Veterans, vina wawakilishi waliothibitishwa ambao husaidia bila malipo. Anayedai fedha ili kuwaandikia dai la kwanza, mwepukeni.

Neno la mwisho ni zito, lakini mama mwenye busara hulijua mapema. Mume akifariki rufani ikiwa bado haijaamuliwa, si lazima dai lizikwe naye. Mjane anaweza kuomba kuchukua nafasi yake na kuliendeleza, mradi aombe ndani ya mwaka 1 tangu kifo. Basi tunza nakala za kila barua mahali pamoja, nawe ujue zilipo.

Yule mjane katika Luka 18 hakuwa na fedha wala cheo. Alikuwa na haki yake, na miguu iliyokataa kuchoka. Mwombeeni baba, kisha kalamu ishikwe.

Hadi mwezi ujao, Bwana azilinde nyumba zenu.