Kiu Isiyokwisha na Sindano Isiyoachwa



Juma hili tuongee habari za kisukari kinachowapata watoto. Wengi wetu twakijua kisukari cha watu wazima, kinachokuja polepole. Lakini kiko kingine, nacho madaktari hukiita kisukari cha aina ya kwanza. Hiki aghalabu huanza utotoni au ujanani, huja kwa haraka, na kisipotibiwa huua. Hata hivyo, mtoto aliyetambuliwa mapema aweza kusoma, kulima, kufunga ndoa na kulea watoto wake kama wenzake. Kuna mambo mawili ya kushika: kupimwa upesi, na kutoacha sindano.

Ugonjwa huu watoka wapi? Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutengeneza insulini. Ugali, ndizi, wali na viazi tulavyo hugeuka sukari ndani ya damu, na insulini ni kama ufunguo unaoifungulia sukari hiyo mlango iingie mwilini kutupa nguvu. Katika ugonjwa huu askari wa mwili, wale wanaotukinga na maradhi, hukosea adui, wakaziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Basi sukari hubaki damuni, na mwili hufa njaa katikati ya shibe.

Ugonjwa huu hauletwi na kula miwa wala asali. Hauambukizi; watoto waweza kula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Si laana, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Mama wa mtoto asijilaumu, wala mawifi wasimlaumu.

Dalili zake ni hizi. Mtoto hukojoa mara nyingi, hunywa maji bila kutosheka, hula sana lakini hukonda, tena huchoka. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Wazazi wengine humchapa, au humnyima maji ili asikojoe. Haifai kabisa! Maji hayo ndiyo yanayomsaidia. Akicheleweshwa hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa nguvu, na pumzi yake hutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Kisha hushikwa na usingizi mzito. Hapo watu hudhani ni malaria, au nimonia, au amerogwa, na saa zinapita.

Mzazi, ukiona dalili hizi usingoje kesho. Mwambie mganga wa zahanati: "Naomba mtoto apimwe sukari." Hutwaliwa tone moja la damu kidoleni, na kimashine kidogo hutoa jibu kabla ya dakika moja kwisha. Kikionyesha 11.1 au zaidi, pamoja na dalili hizo, ni kisukari. Zahanati ikiwa haina kipimo, nenda hospitali siku ile ile. Hata akionekana ana malaria, omba sukari ipimwe pia, kwani mtoto mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Zamani ugonjwa huu haukuwa na dawa. Madaktari waliwanyima watoto chakula ili waongeze miezi michache ya kuishi. Mwaka 1921, huko Toronto, Canada, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya Profesa Macleod, waliipata insulini kutoka kongosho la wanyama, naye James Collip akaisafisha. Januari 1922 alichomwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa amebaki mifupa. Aliishi miaka 13 zaidi. Wavumbuzi hao waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu kila mmoja.

Insulini hainyweki, maana tumbo huiharibu. Huchomwa chini ya ngozi ya tumbo au paja, kila siku, mara nyingi zaidi ya mara moja, na mahali pa kuchoma hubadilishwa. Vidonge vya babu mwenye kisukari havishiki nafasi yake. Dawa itunzwe katika jokofu, isigande. Pasipo na jokofu, iwekwe kivulini katika chungu cha udongo chenye ubaridi, mbali na meko na bati la paa. Tena uulize hospitali itafaa kwa muda gani.

Pengine sukari hushuka mno: mtoto hutoka jasho, hutetemeka, husema ovyo. Mpe mara moja vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji. Dakika 15 zikipita bila nafuu, mpe tena, kisha ale. Akizimia usimtie kitu kinywani. Mlaze kwa ubavu na kumkimbiza hospitali. Mwalimu wake naye aelezwe haya.

Sasa nifike penye hatari kubwa. Mtoto ametoka hospitali, amenenepa, anacheza mpira. Bibi anasema: "Mjukuu wangu amepona, mbona mnamtesa kwa sindano?" Mjomba analeta mizizi. Mwingine anasema ameombewa, na kuendelea kuchoma ni kukosa imani. Sindano inaachwa. Baada ya siku chache mtoto anatapika, na safari hii pengine hafiki hospitali. Ndugu zangu, alinenepa kwa sababu ya sindano, wala hakupona. Hata akiugua homa na kushindwa kula, insulini haikatwi. Apelekwe kwa daktari aseme kiasi gani.

Tuombe, tena kwa bidii, lakini sindano ichomwe. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutodharau dawa. Kanisa nalo ni mama: sheria ya kufunga Kwaresima haiwabani watoto wala wagonjwa. Dawa haivunji mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo, na mgonjwa aweza kukomunika hata kama amekula kitu ndani ya saa hiyo. Basi mtoto asizuiwe kunywa maji ya sukari kanisani akitetemeka.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Msimfiche mtoto huyu. Jumuiya ikijua, itasaidia nauli ya kwenda kuchukua dawa, na jirani atajua la kufanya mama akiwa shambani. Someni haya kwa sauti nyumbani jioni, mkimkumbuka kila mtoto anayeamka usiku kutafuta maji.