Shule ni ya Mdachi, kusoma je?

Kuna maneno yamezagaa Tanga nami yamenichosha: kwamba elimu pwani hii ililetwa na Mjerumani, na ushahidi ati ni neno lenyewe, shule. "Tungekuwa nayo kabla, si tungekuwa na jina lake?" Wanaosema hivyo si wazee peke yao. Ni vijana wenzetu, tena wanaojiita waandishi.

Haya, tulifuate hilo neno. Kweli ni la Kijerumani, Schule. Lakini Mjerumani naye hakulizaa. Alilipata kwa Warumi, schola, na Warumi wakalitoa kwa Wayunani, skholē, ambako maana yake ya kwanza ilikuwa nafasi, wasaa wa mtu asiyebanwa na kazi. (Kwa maana hiyo sisi tuliomaliza kidato cha nne tukahamia kijiweni ndio wanashule kamili!) Kama kukopa jina ni dalili ya ujinga, basi tuanze kuwacheka Wajerumani.

Tazama na majirani. Rwanda, walikotawala Wajerumani haohao, wanasema ishuri. Unguja, alikokaa Mwingereza, ni skuli. Malawi ni sukulu. Waganda wakasema hapana, kusoma tunakujua, wakaita essomero. Na Kongo ya mashariki mtoto huenda "masomo". Jina linakuonyesha nani alipita mlangoni. Halikwambii ndani alikuta nini.

Ndani alikuta chuo. Kamusi za karne ya 19 zinasema chuo ni kitabu, na chuoni ni mahali pa kufundishwa. Nenda Tongoni, njia ya Pangani, haifiki hata kilomita 20 kutoka mjini. Tongo ni mahame, mahali palipokaliwa na watu pakaachwa. (Si matongotongo ya machoni, ingawa anayeyatazama magofu yale akasema hapakuwa na elimu, nadhani anayo.) Pana msikiti wa mawe na makaburi yapatayo 40, mengine ya nguzo, ya karne ya 14 na 15. Jamani, msikiti ule watu walikuwa wakienda kukaa kimya tu? Hakuna aliyefungua msahafu?

Lakini tuyaache mawe, maana mawe hayajibu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Tanga hii hii, alitunga utenzi mrefu wa vita vya Wadachi na watu wa Mrima, vita vya 1888 na 1889. Aliutunga kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Fanya hesabu mwenyewe. Na mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha kitabu kizima cha maandishi ya Kiswahili katika hati hizo hizo, ili wenzake wajifunze kuyasoma. Umeona? Wao ndio waliokaa darasani kusoma barua zetu! Huku kwetu wakafungua shule, kwa kuwa walitaka makarani na wakalimani. Herufi za kirumi zikawa ndizo mlango wa ofisini, na aliyesoma miaka kumi kwa herufi nyingine akahesabiwa hajui kusoma. Hakusahau hata aya moja. Kilichobadilika ni kipimo.

Sina ugomvi na neno shule. Limeshakuwa letu, tunasema shuleni, mwanashule, na hakuna atakayelirudisha Berlin. Ugomvi wangu ni jinsi tulivyoligeuza mzani wa kupimia vichwa vya watu. Na kichekesho ni hiki: nchi ilipotafuta jina la elimu yake ya juu kabisa haikusema Shule Kuu. Ilisema Chuo Kikuu. Neno la mkekani ndilo lililopandishwa mlimani pale Dar es Salaam, lakini bibi aliyehitimu mkekani, anayesoma bila kukwama na kuwaandikia jirani barua zao, tunamwandika kwenye fomu "hakusoma".

Hata sisi tunaotaka kuandika riwaya tunapimwa kwa mzani huo. Mhariri mmoja aliurudisha mswada wangu bila neno lolote juu ya hadithi, ila swali moja tu pembeni kwa kalamu nyekundu: mwandishi ana elimu gani? Nami nina swali langu kwake. Hemedi bin Abdallah alifika darasa la ngapi?