Panya wa Utafiti Naye Anahitaji Banda Kavu

Kila nikitaja panya hapa Igowole, swali ni moja tu: bwana shamba, sumu gani inaua haraka? Nawaelewa, panya akiingia stoo ya mahindi anakula jasho lako. Ila leo namtetea panya mwingine, yule panya buku wa Morogoro.

Pale SUA, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya mmoja anapitia sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20 hivi. Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifichua mabomu 71 na vilipuzi vingine 38 kule Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza.

Panya hao wanazoeshwa mikono ya watu tangu wadogo. Akipatia anapewa ndizi au karanga. Akizeeka anastaafu, anaendelea kutunzwa. Wapo wanaoniambia huko ni kumdekeza panya wakati watu wana shida. Mimi nakataa kabisa. Panya mwenye hofu hafanyi kazi vizuri, na panya asiponusa vizuri, mgonjwa wa TB anarudi nyumbani akijiona mzima.

Panya weupe wa maabara ni hivyo hivyo. Ukiwabana kwenye uchafu miili yao inabadilika, majibu ya dawa yanapotoka, na umewaua bure. Hapo ndipo ukatili ulipo. Tangu mwaka 1959, Russell na Burch waliwataka watafiti wajiulize: kazi hii yawezekana bila mnyama? Kwa wanyama wachache zaidi? Kwa maumivu kidogo zaidi? Na sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo (msijisahau) inamhusu hata mfugaji.

Sasa nenda kaangalie sungura wako, au simbilisi wa jikoni. Baridi ya Mufindi ikianza Juni, mtu anaziba banda lote kwa turubai. Hewa haipiti, mkojo unalowesha sakafu, sungura wakianza kupiga chafya ananipigia simu anataka sindano. Fungua upande usio na upepo, weka majani makavu, inua sakafu. Kisha inama mpaka usawa wa pua ya sungura, uvute pumzi. Macho yakikuwasha, sindano ya nini?